Daimler DS420 la mtumba: likianza kusumbua, anzia hapa

Simu za namna hii huja Ijumaa jioni. "Fundi, shikamoo. Harusi ni kesho saa nne na gari limegoma." Nikiuliza gari gani, mara nyingi ni Daimler DS420, lile limuzini refu la Kiingereza lenye kioo kati ya dereva na abiria, na viti viwili vya kukunja mbele ya kiti kikubwa cha nyuma. Natengeneza magari haya huku Midlands, Uingereza, na miaka hii wateja wangu kadhaa ni ndugu zetu wa Mombasa, Dar na Unguja wanaoishi Leicester, London na Coventry. Wameona tangazo, bei inavutia, gari linang'aa, wakalipa.

DS420 lilitoka 1968 na kuendelea kuundwa hadi 1992. Sakafu yake ni ya Jaguar 420G iliyorefushwa, na injini ni ile ya XK, silinda 6, lita 4.2, kabureta mbili za SU. Ukoo wa injini hiyo ulianza 1948, na DS420 ndilo gari la mwisho kuitumia. Kwa hiyo vipuri vya injini vipo na mafundi wanaoijua wapo. Shida iko kwenye maisha ambayo gari limeishi.

Muuzaji atakwambia, "Limetumika harusini tu, maili chache." Usifurahi haraka. Maana yake limelala wiki nzima, likawashwa Jumamosi, likatembea mwendo wa bi harusi, likasubiri nje likiunguruma, likarudi kulala. Karibu kila ugonjwa ninaoueleza hapa umetoka kwenye kusimama na kwenda polepole.

Kabla hujaingia chini yake

Gari hili linazidi tani 2. Jeki ni ya kuinulia tu, haishikilii gari wakati mtu yuko chini. Weka stendi mbili imara juu ya saruji na kaba magurudumu kwa vigingi. Hendibreki usiitegemee kabisa, sababu utaziona mbele. Na ukiinua ukasikia bati linasagika kama biskuti pale jeki ilipogusa, shusha gari, achana na kazi hiyo, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kutu huko chini.

Linachemsha

Hili ndilo lalamiko namba moja. Swali la kwanza ninalouliza: linachemsha likiwa linakwenda polepole, au likiwa barabara kuu? Jibu linagawa kazi nusu kwa nusu. Likichemsha kwenye msafara na foleni lakini likapoa likipata mwendo, tatizo ni upepo: feni, mkanda wake, au radieta iliyozibwa kwa nje na vumbi na wadudu. Likiwa sawa mjini na kuchemsha kwenye barabara kuu, tatizo ni maji kutozunguka: radieta imeziba ndani, thamostati imenata, au pampu imechoka.

Fuata mpangilio huu, injini ikiwa baridi:

1. Kiwango cha maji na mfuniko wa radieta. Mpira wa mfuniko ukikakamaa haushiki presha, na maji yasiyo na presha huchemka mapema. Ni kipuri cha bei ndogo. Badilisha bila kujadiliana.
2. Mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole katikati. Ukizama sana, kaza; ukiwa na nyufa, weka mpya.
3. Radieta kwa ndani. Washa hadi injini ipate joto lake, zima, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha mkono taratibu karibu na uso wa radieta. Ukipata mabaka ya baridi katikati ya sehemu za moto, hapo pameziba. Kusafisha kwa dawa husaidia mara chache. Kwa kawaida inakwenda kwa fundi wa radieta kubadilishiwa kiini.
4. Thamostati. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, weka moto. Maji yakikaribia kuchemka na bado haijafunguka, imekufa. (Tumia sufuria isiyopikiwa wali, mke wangu ananikumbusha hadi leo.)
5. Taimingi ya moto ikichelewa, injini huchemka bila sababu nyingine yoyote kuonekana.
6. Tope ndani ya bloku. Gari lililotiwa maji matupu miaka mingi hujaa kutu laini kwenye njia za maji, hasa upande wa nyuma wa injini. Radieta mpya haitasaidia mpaka bloku lisafishwe.

Silinda hedi ya injini hii ni aluminiamu na bloku ni chuma. Metali hizo mbili zikikutanishwa na maji ya bomba bila kipoozi chenye kinga ya kutu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Weka kipoozi nusu kwa nusu na maji, na ubadilishe kwa tarehe, usingoje maili, maana maili hazitafika.

Simama hapa: ukifungua mfuniko wa oili ukakuta kitu kama uji mweupe, ukaona mapovu yasiyokoma kwenye radieta, au mvuke mweupe wenye harufu tamu kwenye eksozi, gasketi ya hedi imekwenda au hedi yenyewe imepinda. Usiliendeshe hata hadi gereji. Na usifungue mfuniko wa radieta wakati wa moto, hata kwa kitambaa, hata kidogo tu. Nimeona mkono wa kijana uliobabuka mpaka kwenye kiwiko.

Mzee mmoja aliniuliza kama alisafirishe gari lake Mombasa akafanyie harusi za huko. Nilimwambia aanze na sheria: Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo aulize kwanza kama kuna kibali maalumu kwa gari la kale. Halafu afikirie radieta hiyohiyo kwenye foleni ya Nyali mwezi wa pili.

Haliwaki

Tenga kwanza: haliwaki likiwa baridi, au liliwaka asubuhi likagoma baada ya kusubiri?

Likigoma la moto, baada ya dakika thelathini au arobaini nje ya ukumbi, mara nyingi petroli imechemka ndani ya kabureta. Injini ikizimwa joto hupanda, na kabureta ziko hapohapo juu. Usipampu eksileta. Ikanyage hadi chini, ishikilie, zungusha stata sekunde chache, pumzika, rudia. Likikataa, fungua boneti dakika kumi. Likifanya hivi kila mara, angalia kama bomba la petroli limegusa injini na kama kinga za joto chini ya kabureta bado zipo. Mafundi wengi huzitoa na kusahau kuzirudisha.

Likigoma la baridi, anza na betri, kisha moto wa plagi, kisha mafuta. Betri iliyolala wiki mbili inaweza kuwasha taa zote na bado ikashindwa kuzungusha silinda 6. Pima volti likiwa limezimwa: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 ichaji kwanza. Halafu fungua distribyuta: futa unyevu ndani ya kifuniko, angalia nyufa, pima mwanya wa pointi (takriban milimita 0.4), tazama kama rota imeungua. Ukiwa na shaka na kondensa, weka nyingine. Hakuna njia ya kuitazama kwa macho ukajua ni nzima.

Sasa kisa ambacho kimenilipia mafuta mara nyingi. Kijana mmoja alibadilisha nyaya za plagi usiku wa kuamkia harusi. Kitabu kinasema mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-5-3-6-2-4, naye akahesabu silinda kuanzia mbele, kwenye radieta, kama gari lolote. Gari halikuwaka, likawa linakohoa kwenye kabureta na kupiga baruti. Jaguar, kwenye injini ya XK, walihesabu kutoka nyuma: silinda namba 1 ni ile iliyo karibu na dereva. Cha ajabu ni kwamba ukihesabu kinyume mpangilio wenyewe haubadiliki, ila kila moto unakuja nusu mzunguko wa distribyuta nje ya wakati wake. Dawa yake ilikuwa dakika tano: kila waya uhame kwenda tundu linaloutazamana upande wa pili wa kifuniko cha distribyuta. Likawaka mara moja. Kijana alikaa chini kwenye saruji akiwa na suti.

Linamisi, linatoa moshi mweusi, linakula petroli

Kabureta za SU ni rahisi kuliko sura zao. Fungua kifuniko kidogo cha juu cha kila moja: ndani kuna oili nyepesi inayotuliza pistoni. Ikikauka, gari hujikwaa ukikanyaga. Jaza oili ya SAE 20. Kisha toa kichujio cha hewa, inua pistoni kwa kidole na uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga "tok" ya wazi. Ikishuka kwa kunata, fungua, safisha kwa thina na kitambaa laini, usiipige msasa. Na usichanganye pistoni ya kabureta moja na kikombe cha nyingine, zimelinganishwa kiwandani jozi kwa jozi.

Moshi mweusi usiokoma injini ikishapata joto mara nyingi ni choki isiyofunga. Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka tu ukiachia eksileta kwenye mteremko, ni sili za valvu, unaweza kuishi nao.

Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, mchezo umekwisha. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, nayo hula mipira ya zamani ikawa laini kama jojo. Badilisha mipira yote ya petroli kwa ile inayovumilia ethanoli, na utumie E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5. Mpaka hapo, gari lisiwashwe ndani ya gereji.

Harufu ya kuungua nyuma, breki hazishiki

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu huumia na ndipo pesa huisha.

Diski za nyuma za DS420 hazipo kwenye magurudumu. Ziko katikati, zimebana na difu, ndani ya fremu ndogo ya chuma ambayo mafundi huku huiita keji. Ni muundo wa Jaguar, mzuri kwa starehe ya abiria. Kwa fundi ni adhabu: ukitoa gurudumu huoni kitu, na joto lote la breki linaishia kwenye oili sili za difu. Sili zikipikwa huvuja, oili inamwagikia diski, pedi zinalowa, breki za nyuma zinakuwa mapambo.

Sababu kwa mpangilio ninaokutana nao: pedi za hendibreki zisizoachia (zina pedi ndogo zake peke yake, na utaratibu wake wa kujirekebisha hukwama kwa kutotumika); mpira wa breki uliovimba ndani, unaoruhusu mafuta kwenda lakini si kurudi; pistoni za kalipa zilizoshika kutu; na mwisho sili za difu.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Endesha kilomita kumi bila kubana breki sana, simama mahali tambarare, weka gia kwenye N, achia breki. Gari linalosukumika kwa shida lina breki zinazoshika. Inama nyuma unuse. Kama una kipimajoto cha infraredi, pima diski mbili za nyuma kutoka chini: tofauti kubwa ya joto kati ya kushoto na kulia inakuonyesha upande mgonjwa.

Pedali ikiwa ngumu kama unakanyaga jiwe, jaribu sevo, yaani kisaidizi cha breki: injini imezimwa, kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, tafuta bomba la vakyumu lililopasuka kabla ya kununua sevo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Badilisha kila miaka miwili, hata kama gari limetembea maili mia nne tu. Kalipa zilizokufa kwa kutu karibu zote nilizozitoa zilikuwa na mafuta ya rangi ya chai ya rangi.

Simama hapa: pedali inayozama taratibu ukiishikilia ni masta silinda, au kuna mahali panavuja. Usiendeshe. Ukiona oili kwenye diski za nyuma, usijaribu kuifuta ukajipa matumaini. Keji yote lazima ishushwe, na hiyo ni kazi ya gereji yenye lifti na mtu aliyewahi kuifanya. Na usipulize vumbi la breki za zamani kwa kompresa, pedi za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa.

Linagonga "kong" ukiweka gia

Keji hiyohiyo imening'inizwa kwa mipira minne. Mpira ukiachana na chuma chake, keji huruka kidogo kila unapotoka D kwenda R. Angalia mipira kwanza, kwa tochi na mtaimbo mdogo. Kisha bushi za mikono miwili inayotoka kwenye ekseli kwenda mbele kushika sakafu, na pale zinaposhikilia, maana hapo pia hukaa kutu. Kisha krosi, yaani viungo vya kupinda vya shafti.

Krosi usizichukulie poa. Kwenye gari hili shafti ya nyuma haizungushi gurudumu tu, ndiyo mkono wa juu unaolishikilia lisiegemee. Krosi yenye mchezo unaoonekana kwa macho: gari lipande kwenye lori la kubeba.

Oili na giaboksi

Geji ya oili ikishuka ghafla huku injini inanguruma kawaida, mshukiwa wa kwanza ni sensa, maana sensa hizi hudanganya. Zima hata hivyo, pima kiwango, kisha funga geji ya mkono. Injini ya moto kwenye mizunguko 3,000 inatakiwa ionyeshe psi 40 hivi, ukitumia 20W-50. Ikiwa chini sana kwa geji ya mkono pia, au ukisikia mgongo mzito wa chuma (kugonga) kutoka chini, usiiwashe tena.

Tone moja mbili nyuma ya injini ni sili ya kamba ya krankishafti. Weka kadibodi chini uendelee na maisha. Kuibadilisha ni kutoa injini. Mlio wa cheni mbele, kama mnyororo wa baiskeli kavu, unahitaji fundi wa XK kabla haujawa wa gharama.

Giaboksi ni otomatiki ya gia 3. Pima mafuta yake likiwa la moto, linaunguruma, kwenye P. Mekundu ni heri. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua, peleka kwa mtaalamu, na usimwage ukaweka mapya ukidhani umetibu. Likikwama njiani, lisivutwe magurudumu ya nyuma yakigusa chini.

Betri inakufa, kioo cha kati hakishuki

Gari hili lina taa kila mahali: milangoni, kwenye buti, kwa abiria. Moja ikibaki inawaka, Jumamosi umekwisha. Chomoa waya hasi, unganisha mita kati yake na betri, funga milango. Ukisoma zaidi ya miliampia 50, toa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Kabla ya kulaumu chochote kingine, safisha athi, yaani pale nyaya hasi zinapofungwa kwenye bodi.

Kioo cha kati, kama ni cha umeme, mara nyingi kimenata kwenye mipira yake tu. Safisha mifereji, puliza silikoni. Usitie oili, itakusanya vumbi na kupaka kiti cha bi harusi.

Zulia lina maji, mlango unakwaruza

Inua zulia la nyuma kabla hujalipa. Muuzaji akisita, umeshapata jibu. Maji huingia kwenye mpira wa kioo cha mbele na mipira ya milango, yakalala chini ya zulia nene la sufi, na sakafu inaliwa kimyakimya chini ya starehe yote ile.

DS420 halina chasi tofauti kama malimuzini ya kale. Sakafu na kingo za chini ya milango ndizo mifupa yake, na ni ndefu mno. Jaribu hivi: gari likiwa tambarare, fungua na funga milango ya nyuma, uone mwanya wake juu na chini. Kisha inua kona moja kwa jeki, kidogo tu, urudie. Mwanya ukibadilika au mlango ukianza kukwaruza, gari linajipinda. Pitisha sumaku juu ya kingo hizo, matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya kioo cha mbele. Isiposhika, kuna pati (lipu ya kujazia mashimo ya bati) chini ya rangi.

Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililozidi miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupimwa MOT, yaani ukaguzi wa usalama, kila mwaka. Wauzaji wanaipenda sana sheria hiyo. Wewe omba lipimwe kabla ya kununua, na uangalie historia yake ya vipimo kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari, ni bure. Ukiona "kutu" imeandikwa mwaka hadi mwaka, kisha vipimo vikakoma gari lilipotimiza 40, lipeleke kwa fundi wa bodi mwenye lifti akupe hesabu ya kuchomelea kwa maandishi. Hesabu hiyo ndiyo ya kwenda nayo mezani kwa muuzaji.